Unatoka wapi usiku huu?

Nimepotea kidogo wadau, mniwie radhi. Chumba cha habari ni kama mtoto mchanga, hakina mchana wala usiku, na mtu ukishamaliza kuandika habari za watu huna tena hamu ya kuandika za kwako. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu masika na leo nalitema, hata kama litakuwa refu. Vuta kiti, chukua chai.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa zamu ya usiku na habari ya ukurasa wa mbele ikachelewa, kwa sababu mheshimiwa mmoja hakupokea simu mpaka saa nne. Nikatoka ofisini saa tano na nusu, daladala zimeshaadimika, nikachukua bodaboda kwenda Sinza. Dereva ni kijana wa rika langu, mchangamfu, njia nzima ananieleza jinsi Simba walivyoonewa na refa. Hatukufika. Kwenye makutano fulani palikuwa na difenda imeegeshwa gizani, taa zimezimwa. Tochi ikatumulika usoni.

"Zima pikipiki. Shukeni."

Kofia ngumu ilikuwa moja tu, ya kwake. Hilo ni kosa, sikatai. Leseni akatoa, bima akatoa. Kosa la kofia ni la faini, unaandikiwa, unapewa namba ya malipo, unaenda zako. Lakini afande hakuwa na haja na kofia. Akanigeukia mimi abiria.

"Wewe unatoka wapi usiku huu?"

"Kazini, afande."

"Kazi gani ya saa sita usiku?"

Nikachelewa kujibu, maana lilinijia jibu la kijeuri kidogo nikawa nalimeza. Akamgeukia mwenzake: "Mzururaji huyu. Pandisha." Nyuma ya difenda tulikuta vijana wengine watano, mmoja bado kashika mfuko wa chipsi. Pikipiki akapanda askari mwingine akatufuata nayo.

Kituoni tukavua viatu na mikanda, tukakaa chini. Ilipofika zamu yangu pale kaunta nikatoa kitambulisho cha kazi. Mkuu wa zamu akakiangalia mbele, akakigeuza, akaniangalia mimi. "Aah, mwandishi! Sasa mbona hukusema?" Nikaombwa radhi, nikapewa viatu vyangu, hata maji nikaulizwa kama nakunywa. Ndani ya dakika arobaini nilikuwa nje. Dereva wangu alikuwa bado amekaa sakafuni. Aliniambia maneno mawili, "Braza, vipi?", nami nikamjibu kwamba nitarudi asubuhi kufuatilia.

Tutarudi kwake. Kwanza nataka kuzungumzia lile swali.

*

"Unatoka wapi?" ni swali la zamani kuliko Jeshi la Polisi lenyewe. Mjerumani alipotawala hapa hakuwa na askari wa kumlinda raia, alikuwa na askari wa kuhakikisha kodi inalipwa na watu wanakwenda kwenye kazi za mashamba na barabara. Neno lenyewe "askari" lilikuwa la mwanajeshi. Na chombo chake kilikuwa kiboko, ule mjeledi wa ngozi ya kiboko mnyama. Viboko vilikuwa vingi mpaka serikali ya Berlin mwaka 1896 ikatoa amri kwamba mtu asipigwe zaidi ya 25 kwa mara moja. Wazee wetu wakaipa adhabu hiyo jina la Kiarabu cha pwani, "hamsa ishirini". Fikiria, amri iliyokusudiwa kupunguza mateso ikawa ndiyo jina la mateso yenyewe.

Akaja Mwingereza. Kikosi cha polisi cha Tanganyika kiliundwa mwaka 1919, makao makuu yake yakiwa Lushoto, kule milimani kwenye baridi, kisha mwaka 1921 yakahamia Dar es Salaam. Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali, Elangwa Shaidi, alishika nafasi hiyo mwaka 1964. Kwa hiyo kwa miaka 45 chombo hiki kilijifunza kazi chini ya mtu ambaye kwake mwananchi alikuwa ni wa kuangaliwa, siyo wa kuangaliwa usalama wake. Naandika hivi nikijua kuna rafiki zangu wawili ni polisi na watanisoma. Nisomeni mpaka mwisho kwanza.

Miji ya mkoloni ilikuwa na tatizo moja kubwa kwa macho yake: vijana Waafrika waliokuja mjini bila kazi ya mshahara. Akawaita "wahuni". Miaka ya 1940 na 1950 Dar es Salaam ilikuwa na misako ya mara kwa mara. Unasimamishwa njiani, unaulizwa stakabadhi ya kodi, unaulizwa unafanya kazi kwa nani, ukikosa jibu unarudishwa kijijini kwenu. Na sheria ikatungwa ya kuwaondoa "wasiotakiwa" mijini. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1945 nayo ikawa na vifungu vya wazururaji, watu ambao kosa lao si kile walichokifanya bali ni namna wanavyoonekana.

Uhuru ukavikuta vifungu hivyo ukavipita, kama mtu anavyopita nguo ya marehemu iliyotundikwa ukutani. Tena vikapata nguvu mpya. Mwaka 1983 Bunge lilipitisha Sheria ya Nguvukazi, na vijana wa enzi hizo, ambao leo ni baba zetu, wanaikumbuka vizuri. Kila mtu mwenye uwezo wa kufanya kazi lazima awe na kazi inayotambulika, na kitambulisho cha kuthibitisha. Ukikamatwa Kariakoo saa nne asubuhi huna kitambulisho, unaweza kujikuta kwenye lori unapelekwa shamba. Baba yangu mdogo anasema alikuwa anatembea na jembe bovu begani akienda kumtembelea mchumba wake Magomeni, ili akiulizwa anatoka wapi aseme anatoka shamba. Simuamini sana baba mdogo kwa mambo ya wachumba, lakini hofu aliyokuwa nayo naiamini.

Na kuna jambo ambalo nilipoligundua nilicheka peke yangu. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni yake ya ushauri kuhusu sheria za uzururaji barani, baada ya kuombwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Ikasema sheria hizo zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na kwamba nchi zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Mahakama hiyo makao yake yako wapi? Arusha. Mtu anaweza kupanda basi asubuhi Arusha, mji uliotoka maoni hayo, na usiku huo huo akapandishwa difenda Dar es Salaam kwa uzururaji.

*

Wiki mbili baada ya tukio lile nilikwenda Kahama kumwona babu, mzaa mama. Ana miaka themanini na kitu, masikio yanasikia anachotaka kusikia. Nikamsimulia yaliyonipata, nikiongeza chumvi kidogo kama mjuavyo waandishi. Akanisikiliza, kisha akauliza:

"Walikupiga?"

"Hapana, babu."

"Basi hujaonana na polisi, mjukuu wangu. Mmepishana tu."

Hapo ndipo akaanza kunieleza ya mwaka 1976. Nilikuwa nayajua kwa juu juu, kama tunavyoyajua wote: kwamba Mzee Mwinyi aliwahi kujiuzulu uwaziri. Kila linapotokea jambo baya nchini mtu huandika "wako wapi viongozi kama Mwinyi". Lakini alijiuzulu kwa sababu gani hasa? Waulize wenzako kumi kijiweni uone.

Sababu ni hii. Miaka hiyo mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikuwa na mauaji mengi, vikongwe wakiuawa kwa kudhaniwa wachawi, na wizi wa ng'ombe. Serikali ikaamua kuyakomesha. Ikaundwa operesheni ya polisi na usalama, mamia ya watu wakakamatwa kwa kushukiwa tu, na wakateswa ili waseme. Baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowakamata. Habari zilipomfikia Mwalimu, ukafanyika uchunguzi, na Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu. Hakuwa amempiga mtu hata kofi. Hakuwapo Shinyanga. Alijiuzulu kwa sababu waliofanya walikuwa chini yake. Hakuwa peke yake: Peter Siyovelwa, aliyekuwa waziri katika Ofisi ya Rais, naye aliondoka, na wakuu wa mikoa hiyo miwili, Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga. Baadhi ya maofisa wakafikishwa mahakamani.

Babu hakukamatwa. Anachokumbuka ni sauti. Anasema wanaume wa kijijini walijifunza kutofautisha muungurumo wa Land Rover na wa lori la pamba ukiwa bado mbali, na kwamba wengine walilala kwenye mahindi wiki nzima, siyo kwa kuwa waliua mtu, bali kwa kuwa jina lako likitajwa na jirani mwenye kinyongo cha mpaka wa shamba, limetajwa. Nikamuuliza, waliokufa walikuwa nani? Akanitajia mmoja kwa jina la ukoo, akanyamaza, akasema wengine hakuwajua.

Hapo ndipo nilipoanza kusumbuka. Mzee Mwinyi alikwenda kuwa balozi Misri, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, mwaka 1985 akawa Rais wa Muungano, na alipofariki tarehe 29 Februari 2024 sisi sote tuliandika kuhusu kujiuzulu kule. Mimi mwenyewe niliandika aya tatu. Nilimsifu, na nadhani alistahili. Lakini katika aya zangu tatu hapakuwa na mahabusu hata mmoja. Habari ya watu kuteswa mpaka kufa tumeigeuza kuwa habari ya mtu kuandika barua.

(Kwa pembeni tu: ni huko huko Usukumani na Unyamwezini, Kahama na jirani zake, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi walianzisha sungusungu, jeshi lao la jadi la kupambana na wezi wa ng'ombe. Watu wanasema lilitokana na wizi kuzidi. Babu anasema lilitokana na watu kutotaka tena kwenda kituoni. Sungusungu nao waliua, tusidanganyane.)

*

Nitapita haraka kwenye Pemba ya 26 na 27 Januari 2001, siyo kwa udogo wake, bali kwa sababu inahitaji makala yake. Maandamano ya CUF baada ya uchaguzi wa 2000 yalikutana na risasi za moto, waliouawa walipita thelathini kwa hesabu ya tume ya serikali yenyewe, iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita, na zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Nchi ambayo tangu uhuru ilizoea kupokea wakimbizi ikawa imetoa wakimbizi. Oktoba mwaka huo ukasainiwa muafaka.

Kinachonishughulisha zaidi ni Januari nyingine, ya mwaka 2006, kwa sababu inaanza kama usiku wangu ulivyoanza: watu wamo kwenye chombo cha usafiri, Sinza, na polisi wanawasimamisha.

Mimi nilikuwa darasa la pili. Nakumbuka neno moja tu kutoka kwenye redio ya mama, "Zombe, Zombe", nikidhani ni aina ya mzimu. Wafanyabiashara watatu wa madini walikuja Dar es Salaam kutoka Mahenge, Morogoro. Tarehe 14 Januari walikuwa kwenye teksi. Siku hiyo kulikuwa na tukio la uporaji jijini, na polisi wakawakamata wote wanne, abiria na dereva. Taarifa iliyotolewa ilisema ni majambazi, wameuawa katika majibizano ya risasi. Habari ya namna hiyo tunaijua jinsi inavyoandikwa, nami nimeshaiandika mara kadhaa: "majambazi wanne wauawa", aya nne, chanzo ni kamanda, basi, ukurasa wa tatu.

Lakini ndugu wa marehemu hawakukubali. Rais Kikwete, ambaye hakuwa na hata mwezi mmoja Ikulu, akaunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka. Tume ikaona hakukuwa na majibizano yoyote. Watu wale hawakuwa majambazi, walipelekwa kwenye msitu wa Pande, nje ya jiji, wakiwa hai, wakapigwa risasi huko. Maofisa na askari wakashtakiwa, mkubwa wao akiwa Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa. Tarehe 17 Agosti 2009 Jaji Salum Massati wa Mahakama Kuu akawaachia huru washtakiwa wote waliobaki, akisema waliofyatua risasi si hao waliokuwa mbele yake. Upande wa mashtaka ukakata rufaa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja, Christopher Bageni, ikamhukumu kunyongwa. Zombe na wenzake wawili wakaachiwa tena.

Kwa hiyo mtu mmoja ameachiwa na mahakama mbili, na bado nchi nzima tunaiita "kesi ya Zombe". Hilo lenyewe si haki kwake. Na kwa upande wa pili, nijaribu kukuuliza: dereva teksi aliitwa nani? Nilijiuliza swali hilo nikiwa kitandani saa nane usiku, sikuwa na jibu, nikaamka kuitafuta hukumu. Aliitwa Juma Ndugu, mtu wa Manzese. Abiria wake walikuwa Sabinus Chigumbi, Ephraim Chigumbi na Mathias Lunkombe. Watatu walikuja kuuza mawe yao. Wa nne hata Mahenge hahusiki nayo, yeye alipata wateja tu, kama mtu anavyopata wateja.

*

Sasa ya kwetu, waandishi. Tarehe 2 Septemba 2012, kijiji cha Nyololo, Mufindi. Chadema walikuwa wanafungua tawi, polisi wakazuia mkusanyiko, waandishi wakawa kazini. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa Iringa, aliuawa na bomu la machozi lililofyatuliwa tumboni kwake kutoka karibu kabisa. Bomu la machozi, kitu ambacho kimetengenezwa ili watu watawanyike, wasife.

Nilikuwa sekondari. Ile picha niliiona kwenye gazeti lililofungia vitumbua: mtu yuko chini, askari wamemzunguka, mmoja ameelekeza silaha. Niliitazama mpaka mama muuza vitumbua akaniambia niondoke kwenye foleni. Watu huniuliza kwa nini nilisomea uandishi wakati matokeo yangu yangeniruhusu sheria, na huwa nawapa majibu ya kuchekesha. Jibu ni ile karatasi yenye mafuta.

Bila picha ile tungekuwa na maelezo ya upande mmoja tu, wa wenye silaha. Ziliundwa kamati na tume zaidi ya moja. Ya Waziri wa Mambo ya Ndani, Emmanuel Nchimbi, iliongozwa na jaji mstaafu Stephen Ihema, na Baraza la Habari na Jukwaa la Wahariri nao wakafanya uchunguzi wao. Mwezi Julai 2016 Mahakama Kuu Iringa ikamhukumu askari mmoja, Pasificus Simon, miaka 15 jela kwa kuua bila kukusudia. Mmoja. Kwenye picha walikuwa wengi.

Nchimbi aliondoka Wizara ya Mambo ya Ndani Desemba 2013, lakini si kwa ajili ya Nyololo. Ilikuwa ni Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na majangili, ambayo wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori walituhumiwa bungeni kutesa na kuua wananchi. Mawaziri wanne wakaondoka kwa siku moja. Miaka 36 baada ya Shinyanga, operesheni nyingine, waziri wa wizara ile ile. Naye amerudi kwenye siasa na Novemba 2025 akaapishwa kuwa Makamu wa Rais. Simsemi kwa ubaya. Natazama tu njia ilivyo, waziri anaanguka kwenye zulia, mahabusu anaanguka kwenye sakafu.

Mtasema mbona sijamtaja Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Usafirishaji, aliyepigwa risasi Februari 2018 akiwa ndani ya daladala Kinondoni, wakati polisi wakitawanya wafuasi wa Chadema. Nimemtaja. Askari waliokamatwa kwa kifo chake waliachiwa, jalada likafungwa. Waliofikishwa mahakamani kutokana na siku ile walikuwa viongozi wa chama. Na mtasema mbona sigusi 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, watu wakauawa kwa risasi. Mwezi uliofuata ikaundwa tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, mtu yule yule ambaye tume yake ya haki jinai ya mwaka 2023 ilishapendekeza polisi wafumuliwe na kusukwa upya. Kuna watu wa mtaani kwangu bado nyumba zao zina matanga moyoni. Sitawaandika kwa aya moja.

Wale rafiki zangu wawili polisi, bado mpo? Najua mishahara yenu. Najua mmoja wenu aliwahi kulala siku tatu lindo bila kubadilishwa, na kwamba majambazi wa Dar huwa hawaulizi unatoka wapi, wanafyatua. Aliyenikamata usiku ule hakunitukana hata mara moja. Alikuwa amechoka kuliko mimi. Lakini sheria anayoifanyia kazi, ile ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, inasema mtu aelezwe kosa lake wakati wa kukamatwa, aruhusiwe kuwasiliana na ndugu, rafiki au wakili, na kwamba muda wa msingi wa kumhoji ni saa nne, ambazo zinaweza kuongezwa kwa zisizozidi nane. Mimi nilikaa dakika arobaini kwa sababu ya kipande cha plastiki chenye picha yangu. Wale watano na dereva wangu hawakuwa na plastiki.

*

Sikurudi asubuhi.

Niliamka saa tatu, kulikuwa na mkutano wa wahariri, kisha kukawa na moto Kariakoo, kisha ikawa wiki. Kwa kuwa huwa nampigia simu kwenda naye kazini, namba yake nilikuwa nayo. Kwenye simu yangu nilimwandika "Boda Sinza". Juzi, baada ya kumaliza kuandika ile sehemu ya dereva teksi wa Manzese, nikaipiga.

"Nani mwenzangu?"

Nikamwambia ni yule mwandishi wa usiku ule. Akanyamaza kidogo, nikasikia honi na watu.

"Ahaa, braza mwandishi! Upo?"

Alilala pale siku mbili. Pikipiki ilikaa siku tisa, na kwa kuwa si yake ni ya tajiri, hesabu ya kila siku iliendelea kuhesabiwa, mpaka leo anaidaiwa nusu. Alipigwa makofi mawili. "Siyo mengi," akaniambia, kama vile mimi ndiye niliyehitaji kutulizwa. Asubuhi ya kwanza aliwaambia askari kuna mwandishi anakuja kumfuatilia. Walimcheka, na ilipofika jioni naye akacheka.

Nikamuuliza jina lake.

"Leo ndiyo unauliza?" akasema, lakini akanitajia, yote mawili. Nikafuta "Boda Sinza" nikaliandika. Kisha nikamwambia nina makala naandika, je naweza kuliweka humo.

"Usiliandike, braza. Mimi pale bado napita kila usiku."